Jenerali Mathews, mwalimu wa jeshi la Sayyid Barghash

Ukisoma historia ya mwambao wetu baina ya mwaka 1870 na 1900, majina yanarudi yale yale: Sayyid Barghash, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, Bushiri bin Salim wa Pangani, na kwa upande wa Waingereza, Balozi John Kirk na wenzake. Mtu mmoja aliyekuwapo karibu katika kila tukio kubwa la miaka hiyo hupewa mstari mmoja, kisha hupitwa. Mtu huyo ni Lloyd William Mathews. Alifika Unguja mwaka 1875 akiwa luteni wa manowari, akafa hapo hapo mwaka 1901 akiwa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani. Katikati ya tarehe hizo mbili alifanya kazi ambayo siku hizi nchi kubwa huipelekea ujumbe mzima wa maofisa, wakalimani na wahasibu: kuwafunza uaskari watu wasio wa taifa lake, chini ya mtawala asiye mfalme wake, katika nchi ambayo lugha yake aliikuta ukubwani.

Sisi watu wa pwani tuna sababu zetu za kumtazama kwa jicho la pembeni. Jeshi alilolilea ndilo lililopanda Mwele kumwandama Mbaruk, na wapo miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu ambao babu zao walikuwa ndani ya boma lile. Lakini hata mtu aliyepigana na babu zako anafaa kujulikana vizuri. Na maisha ya huyu yanajibu swali ambalo vitabu vya shule hulikwepa: ilikuwaje dola iliyodai pwani yote kutoka Warsheikh hadi Tungi, ikawa na jeshi lenye sare, bunduki na jenerali, kisha ikapoteza karibu kila kitu bila ya jeshi hilo kupewa nafasi ya kupigana?

Mathews alizaliwa tarehe 7 Machi 1850 katika mji wa Funchal, kisiwa cha Madeira, kwenye bahari ya Atlantiki. Baba yake alikuwa kapteni, mtu wa Wales. Mtoto aliingizwa katika jeshi la majini la Uingereza akiwa na miaka 13, umri ambao watoto wetu bado wanabebeshwa mikoba ya shule. Mwaka 1873 na 1874 alikuwa katika vita vya Ashanti, katika nchi inayoitwa Ghana leo, na huko akapata cheo cha luteni. Mwaka uliofuata akapelekwa kwenye manowari HMS London, meli kuukuu iliyotiwa nanga bandarini Unguja iwe makao ya mashua zilizozunguka kusaka majahazi yaliyobeba watumwa. Kazi hiyo ilimfunza pwani kuliko kitabu chochote. Siku na usiku ndani ya mashua wazi, kwenye vijito na mikoko ya Pemba, mtu hujua mawimbi, hujua kusi na kaskazi, na asipende asipende, hujua Kiswahili. Alikamata majahazi kadhaa, na wakubwa wake waliona pia kwamba alikuwa na mkono mzuri wa kuwapigisha watu kwata.

Sasa tumgeukie Barghash, kwa sababu bila ya shida zake Mathews angebaki ofisa mmoja miongoni mwa mamia. Barghash alikalia kiti mwaka 1870. Mwaka 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja merikebu zake na kung'oa minazi na mikarafuu. Mwaka 1873 Waingereza wakamlazimisha kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwasafirisha kwa bahari. Halafu ikaja Januari 1875, nayo inatuhusu sisi wa Mombasa moja kwa moja. Akida Muhammad bin Abdallah, mkuu wa askari wa Sultani katika Ngome yetu, aliasi. Mji ukatiwa moto. Barghash hakuwa na nguvu ya kumtoa akida wake mwenyewe ndani ya ngome yake mwenyewe, mpaka manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zilipoipiga Ngome kwa mizinga. Kabla mwaka haujaisha Wamisri wakashuka Barawa na Kismayu, wakawaondoa walinzi wa Sultani na kupandisha bendera yao. Safari hiyo pia ni Waingereza waliowaambia wageni waondoke.

Mwaka 1876 Barghash akatoa amri ya kukataza misafara ya watumwa ya nchi kavu. Amri ni karatasi. Kilwa na Pangani zilikuwa mbali na kasri, na askari waliokuwako walikuwa Wabulushi, Wahadhrami na Waarabu wengine, kila kundi chini ya jemadari wake. Wengi wao walikuwa wameoa katika miji waliyoilinda, wana mashamba na madeni humo humo. Kwa kukaa langoni na kulinda liwali walifaa. Kwa kumkamata mfanyabiashara wa watumwa ambaye ni shemeji yao au ndiye anayewakopesha, hawakufaa, na hilo halishangazi.

Kirk akamshauri Sultani aunde jeshi jipya la mtindo wa Kizungu. Agosti 1877 Luteni Mathews, kijana wa miaka 27, aliazimwa kutoka kwenye meli yake aje alisimamie. Neno kuazimwa lina uzito wake. Hakuacha utumishi wa Malkia, na mshahara wa amri zake ulikuwa wa Sultani. Tangu siku ya kwanza alikuwa na mabwana wawili: mmoja kwenye kasri la Forodhani, mwingine hatua chache tu kando yake, kwenye nyumba ya balozi.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuufungua mlango wa jeshi kwa Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi kisiwani na ambao jeshi la zamani halikuwataka. Katika miezi miwili alikuwa na askari 300 wenye sare wanaojifunza. Waliposhindwa kutosha, alichukua wafungwa wa jela moja ya Sultani, wote, akawafanya askari. Msomaji atacheka, lakini hebu fikiri hali ya mwalimu anayepokea darasa kama hilo asubuhi. Huyu alikuwa mchukuzi wa bandarini. Yule aliletwa na jahazi akiwa mtoto na hajui kwao ni wapi. Wa tatu alifungwa kwa wizi na jana ameambiwa yeye sasa ni askari wa Sultani. Mmoja anasema Kiswahili cha mjini, mwingine Kiyao, mwingine Kinyamwezi. Juu yao wapo maofisa Waarabu waliovaa makoti ya buluu yenye nakshi za dhahabu na fedha, watu wa nyumba kubwa, ambao hawakuzoea kumwona mtu wa jinsi hiyo akishika bunduki ila ya kuwabebea wao. Askari wenyewe walivishwa jaketi fupi nyeusi, suruali nyeupe na kofia nyekundu.

Kuwapanga mstari, kuwafunza kugeuka kulia na kushoto, kusafisha bunduki na kulenga, hayo Mathews aliyaweza, na aliyaweza upesi. Wageni waliopita Unguja miaka hiyo walistaajabu kuona gwaride lile. Serikali ya Uingereza ikatoa bunduki 500 aina ya Snider pamoja na risasi zake. Kufika mwaka 1880 jeshi lilikuwa na watu 1,300, na baadaye likafika askari kamili 1,000 hivi na wengine 5,000 wa kuitwa inapohitajika. Mtu anayeangalia hesabu hizo tu angesema mwalimu amefaulu.

Shida zake za kila siku zilikuwa za namna nyingine. Alitakiwa akomeshe usafirishaji wa watumwa kutoka Pangani kwenda Pemba kwa kutumia jeshi lililoishi ndani ya jamii ya watumwa na mabwana. Mwenye shamba la mikarafuu Pemba aliyengojea jahazi usiku alikuwa mtu mwenye heshima, huenda ni ndugu wa ofisa aliyepewa zamu ya kumvizia. Mji wa Unguja ulijaa watumwa wa kibarua ambao sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana kila wiki. Katika mji huo ndimo Mathews alimoandikisha askari. Asubuhi wakishika zamu kwa jina la sheria, jioni walirudi mitaani ambako sheria hiyo ilionekana ni kero iliyoletwa na balozi. Kwa hiyo doria zilifanyika, majahazi yakakamatwa, biashara ikabanwa, lakini haikufa. Kila aliyekamatwa Pangani alifunza wengine njia nyingine ya kupita.

Juni 1881 Mathews aliacha rasmi jeshi la majini la Uingereza, na Barghash akampa cheo cha Brigedia Jenerali wa Unguja. Miezi michache baadaye, tarehe 3 Desemba 1881, Kapteni Brownrigg wa HMS London aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi lililobeba watumwa chini ya bendera ya Kifaransa. Mwenye jahazi alikuwa Hindi bin Hattam. Sultani alimtuma Mathews. Alimkuta mtu yule karibu na Wete, wakapigana kwa muda mfupi, na Hindi akachukuliwa akiwa na jeraha lililomwua. Hiyo ndiyo aina ya kazi ambayo jeshi jipya liliifanya vizuri: safari fupi, mtu mmoja wa kutafutwa, amri moja isiyo na utata.

Mwele ilikuwa habari nyingine.

Mbaruk bin Rashid alikuwa mtoto wa Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa Mazrui kuitawala Mombasa kabla ya Sayyid Said kuutwaa mji mwaka 1837 na kuwapeleka wakubwa wa ukoo huo kifungoni Bandar Abbas. Mbaruk alikulia katika kumbukumbu hiyo. Alikaa Gazi, akawa na watu wake wengi, Waarabu, Waswahili, watumwa waliotoroka kwa mabwana zao, na marafiki miongoni mwa Wadigo na Waduruma. Ulipomjia ugomvi na Unguja, na ulimjia mara nyingi, alipanda bara hadi boma lake la Mwele, katika misitu ya milima ambayo leo imo kaunti ya Kwale. Mwaka 1882 baada ya Mbaruk kuishambulia Vanga, Mathews alipelekwa na askari wapatao 1,200.

Askari wa Unguja waliokuwa hodari kwenye uwanja wa gwaride sasa walikuwa msituni, wakipanda njia nyembamba kumfuata mtu anayejua kila chemchemi. Boma lilizingirwa, mwishoni likaingiwa. Mbaruk hakuwamo. Alitoka kama alivyojua kutoka, akaishi kuasi tena na kusamehewa tena, kwa sababu Barghash naye aliona kwamba kumsamehe ni nafuu kuliko kumfukuza kila mwaka. Kwa jenerali aliyewaburuta watu wake mpaka juu kule, hilo halikuwa jambo dogo. Anaiteka ngome, kisha siasa ya kasri inamrudisha mwenye ngome nyumbani kwake Gazi. Na tusiseme Barghash alikosea. Alimjua Mbaruk, alimjua na pwani. Mathews alijua kazi ya kuteka boma. Haya ni mambo mawili mbali mbali, na mwalimu mgeni wa jeshi huyaona hayo kila mara: mwanafunzi wake anajifunza kupiga shabaha, lakini shabaha yenyewe anaichagua mwingine.

Pigo kubwa zaidi lilitoka Berlin. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara na nchi za jirani akikusanya misalaba ya machifu kwenye karatasi za Kijerumani, na tarehe 27 Februari 1885 Kaiser akazitia nguvu karatasi zile. Barghash alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alimtuma Mathews Kilimanjaro na askari wasiofika 200. Wakapanda kutoka pwani, wakafika Uchagani, wakazungumza na wakubwa wa huko akiwamo Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, na bendera nyekundu ya Unguja ikapandishwa chini ya mlima wa theluji. Machifu zaidi ya 20 walikubali kuwa upande wa Sultani. Kwa safari ya wiki chache, bila ya kumwaga damu, ilikuwa kazi safi kabisa, labda bora kuliko zote alizofanya na jeshi hili. Mathews alipokwisha kuondoka, Jühlke, mtu wa Peters, akafika Moshi, akapata mkataba wake kwa Rindi huyo huyo.

Lakini mambo hayakuamuliwa Moshi. Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Kijerumani ziliingia bandarini Unguja, zikapanga mizinga kuelekea kasri. Barghash alikuwa na jeshi la Mathews nje ya dirisha lake, limejipanga, limevaa, lina Snider zake. Balozi wa Uingereza, badala ya kusimama naye, alimwelekeza akubali, kwa sababu London ilihitaji urafiki wa Bismarck katika mambo ya Misri. Sultani akakubali. Hapo ndipo swali la jeshi lile lilipojibiwa kwa mara ya kwanza, ingawa hakuna aliyelisema kwa sauti. Lilikuwa jeshi la Sultani alipotakiwa kukomesha biashara ya watumwa na kumfukuza Mazrui. Ilipokuja siku ya kuilinda nchi ya Sultani dhidi ya Wazungu wengine, likawa jeshi ambalo Uingereza haikutaka litumike. Mathews mwenyewe alikuwa amesimama katikati: Mwingereza aliyetoka kupandisha bendera ya Unguja ambayo Waingereza waliamua kutoitetea. Hakujiuzulu.

Barghash alifariki Machi 1888. Ndugu yake Khalifa akakuta mkataba umekwisha tayarishwa wa kuwakabidhi Wajerumani utawala wa pwani kutoka mto Umba hadi Ruvuma, kama vile sehemu yetu ya kaskazini ilivyokuwa imekabidhiwa kampuni ya Kiingereza mwaka mmoja kabla. Agosti mwaka huo watu wa kampuni ya Kijerumani, chini ya Emil von Zelewski, walishuka Pangani. Walimdharau liwali mbele ya watu na wakaingia msikitini na mbwa, siku za Idi. Mji ukalipuka. Wajerumani wakazingirwa ndani ya nyumba yao.

Khalifa akamtuma Mathews. Alikuja na askari kiasi cha 150, akawatoa Wajerumani wakiwa hai, wakapelekwa Unguja. Kisha akabaki ili kurudisha amri ya Sultani katika mji. Pangani ilimjua tangu zama za doria. Sasa watu walimwona kama Mzungu mwingine, na Sultani wao walimwona kama mtu aliyewauza. Bushiri bin Salim alikuwa ameshika uongozi wa uasi. Askari waliokuja na Mathews walisikia maneno ya mji, wakayaelewa, na wengi wao moyoni hawakuona kosa la watu wa Pangani. Jenerali hakuwa na uhakika kama wangempigania iwapo angewaamuru. Kabla ya Septemba kwisha alilazimika kuondoka mjini, na uhai wake ulikuwa hatarini.

Mimi huona hiyo ndiyo siku nzito zaidi katika maisha yake ya ualimu, kuliko siku yoyote ya risasi. Miaka 11 alikuwa amewafunza watu kutii. Utii wao kumbe ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulipita pale ambapo heshima yao wenyewe ilianza. Bushiri alinyongwa na Wajerumani Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na Oktoba 1891 Mathews akafanywa Waziri wa Kwanza, katika cheo ambacho Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Fedha, forodha na idara zote zikapita mezani kwake. Mtu aliyekuwa mtumishi wa Barghash sasa alikuwa juu ya warithi wa Barghash. Baadhi ya walioandika habari zake humsifu kwamba aliendelea kuvaa nembo za Unguja na kujiita mtumishi wa Sultani, na pengine aliamini hivyo kwa dhati. Sultani Hamad bin Thuwaini, aliyekalia kiti mwaka 1893, hakuliona jambo hilo hivyo. Alianza kuunda kikosi chake mwenyewe cha walinzi wa kasri, nje ya jeshi la Mathews. Sidhani kama kuna ushahidi mkubwa zaidi wa kuonyesha jeshi la serikali lilikuwa limekuwa la nani.

Mwaka 1895 Mwele ilirudi. Salim bin Khamis wa Takaungu alifariki, ukatokea ugomvi wa urithi, na kampuni ya Kiingereza ikamweka mtu iliyempenda. Ugomvi uliwaunganisha Mazrui wa Takaungu na wa Gazi, na vita vikaenea pwani kutoka kaskazini ya Kilifi hadi Vanga. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeichukua nchi kutoka kwa kampuni mwezi Julai, nayo haikutaka kuanza utawala kwa kushindwa. Admirali Rawson alishusha mabaharia wake Mombasa, wakaongezwa askari wa Kisudani na wa Unguja, wakapanda Mwele. Mathews alikuwa nao, mwenye umri wa miaka 45 sasa, miaka 13 baada ya kulizingira boma lile lile. Liliingiwa tarehe 17 Agosti. Yeye alipigwa risasi ya bega. Mbaruk, kama kawaida yake, hakukamatwa. Alivuka mpaka Aprili 1896 na watu wake, akajisalimisha kwa Wajerumani.

Mwaka huo huo wa 1896, tarehe 25 Agosti, Hamad alifariki ghafla. Khalid bin Barghash, mtoto wa yule yule Sultani aliyemwajiri Mathews mwaka 1877, aliingia kasri na kujitangaza. Walinzi wa kasri walikuwa naye, pamoja na raia wengi na watumwa wenye silaha, jumla watu kiasi cha 2,800. Nje, karibu na forodha, walijipanga askari 900 wa jeshi la serikali chini ya Brigedia Jenerali Raikes, na Mathews akiwa nao. Kwa siku mbili vijana wa Unguja walitazamana kwa mitutu, wengine wakijuana kwa majina. Asubuhi ya tarehe 27, dakika mbili baada ya saa tatu, manowari za Kiingereza zilifyatua. Haikufika saa moja. Kasri lilibomoka, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilizama mbele ya mji, na watu wapatao 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Askari 900 hawakuvunja safu. Kwa kipimo cha mwalimu wa kwata, hiyo ilikuwa alama ya juu kabisa. Miaka minane baada ya Pangani, jeshi lake lilisimama lilipoamriwa kusimama. Lilisimama likitazama nyumba ya Barghash ikianguka.

Kuhusu utumwa, haki yake apewe. Aliuchukia tangu siku za mashua za HMS London na hakubadilika. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammad alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, na Mathews ndiye aliyeisimamia kazi hiyo, iliyokwenda polepole mno kwa mahitaji ya watumwa na upesi mno kwa hesabu za mabwana. Huku kwetu, katika ukanda wa pwani uliobaki chini ya bendera ya Sultani lakini ukatawaliwa kutoka kwingine, amri ya namna hiyo haikuja mpaka mwaka 1907.

Mathews alikufa kwa malaria Unguja tarehe 11 Oktoba 1901, umri wake miaka 51. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji, na askari aliowafunza wakafuata jeneza kwa mwendo aliowafunza. Mbaruk bin Rashid alikuwa Dar es Salaam wakati huo, mgeni wa Wajerumani, mzee aliyekatazwa kurudi Gazi. Aliishi mpaka mwaka 1910.